Sadaka Huinua Taifa?

Mithali 14:34 ni kati ya mistari ya Agano la Kale ambayo hata mtu asiyefungua Biblia anaijua nusu yake. "Haki huinua taifa." Iko kwenye hotuba za wanasiasa, kwenye matamko ya viongozi wa dini, kwenye kalenda za ukutani. Nusu ya pili, "bali dhambi ni aibu ya watu wo wote", haisikiki sana. Nadhani haina ladha jukwaani.

Jioni moja, kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba mtaani kwetu, kijana ambaye mchana ni fundi pikipiki alisimama kutoa neno. Alikuwa na simu, na ndani ya simu ile programu ya Biblia yenye namba: unagusa neno, linajitokeza la Kiebrania pamoja na maana yake. Akagusa "haki". "Wapendwa," akasema, "hapa kwenye Kiebrania pameandikwa tsedaka. Sikilizeni wenyewe: tse-da-ka. Ni sadaka! Biblia yenyewe inasema sadaka huinua taifa." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliitikia amina kwa sauti ya mtu aliyefumbuliwa fumbo la miaka. Kikapu kilipozungushwa, mikono ilikuwa myepesi.

Sikusema kitu, na mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Kijana yule hakuwa tapeli. Alikuwa na furaha ya mtu aliyechimba mwenyewe akakuta maji. Tena alichosema hakikuwa uongo mtupu, na ugumu wote uko hapo: "tsedaka" na "sadaka" ni ndugu kweli, lakini alichokihubiri hakimo katika mstari ule.

Wapo wachungaji ambao wangemjibu kwa mkato: mwumini wa kawaida aachane na Kiebrania, awaachie waliokaa chuoni. Siwaungi mkono. Maandiko hayo yaliandikwa kwa lugha ya watu waliochunga mbuzi, waliogombania visima na kulia misibani, na sehemu kubwa yake ilikusudiwa isomwe kwa sauti mbele ya umati. Hakuna sababu ya fundi pikipiki kukatazwa kuchungulia. Shida yangu ni na mlango anaoonyeshwa. Anapewa neno mojamoja, likiwa limeng'olewa na kuwekwa namba, kisha anaambiwa kwamba mzizi wake ndio siri yake. Mtu mwenye Kiswahili ana sababu chache kuliko watu wengi za kuliamini hilo, maana lugha anayoitumia kila siku inalikanusha.

Tuanze na undugu. Kiswahili ni lugha ya Kibantu na hakina nasaba na Kiebrania. Lakini kilifunga ndoa na Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa damu wa Kiebrania, hivyo sisi kwa Waebrania ni mashemeji. Ushemeji huu si mdogo. Salama na "shalom" ni mzizi mmoja. Roho ni "ruah", nafsi ni "nefesh", mauti ni "mavet", baraka ni "beraka", malaika ni "malak", kaburi ni "kever", madhabahu ni "mizbeah". Ukishaona kwamba "sh" ya Kiebrania mara nyingi ni "s" kwa Kiarabu, maneno yanaanza kukukonyeza: "shamayim", mbingu, ni samawati, "mishkan", ile hema ya jangwani, ni maskani, na ndivyo Biblia yetu ya Union inavyoiita katika Kutoka. (Vijana wa vijiweni wanaposema wanakwenda maskani hawajui wamelishika neno la Musa.) Mwanzo 15:6 kwa Kiswahili inasomeka, "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Vitenzi vyote viwili vya mstari huo, amini na hesabu, vina mizizi ileile iliyopo katika Kiebrania: "heemin" na "hashav". Mwingereza hawezi kuipata raha hiyo katika Biblia yake.

Sehemu kubwa ya bahati hiyo inatokana na historia ya tafsiri zetu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuweka Mwanzo katika Kiswahili. Edward Steere aliendelea upande wa Unguja miaka ya 1860 na 1870. Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka 1891, na ile ya Union, iliyotafuta maelewano kati ya Mombasa na Unguja, ikakamilika 1952. Watu hao walikuta pwani yenye Waislamu wa karne nyingi, yenye msamiati wa dini uliokomaa tayari. Hawakuwa na haja ya kubuni neno la nabii wala la dhabihu. Waliyachukua yaliyokuwepo, na yaliyokuwepo yalikuwa yametoka Kiarabu.

Sasa, mtu mwenye shemeji wengi hivyo hujisahau akadhani yuko kwao. Neno la kwanza kabisa la Biblia ya Kiebrania ni "bereshit", hapo mwanzo, na ndani yake kuna "rosh", kichwa. Kwa Kiarabu kichwa ni "ras". Sisi tunayo rasi, nchi iliyochomoza kichwa baharini, na tunayo rasilimali, yaani kichwa cha mali. Je, Mungu aliziumba mbingu na nchi akiwa na mtaji? Kila hatua ya hesabu hiyo ni sahihi isipokuwa jibu. Mfano ambao wasomi wa lugha hizi huupenda ni "lehem". Kwa Kiebrania ni mkate. Kwa Kiarabu "lahm" ni nyama. Neno moja la kale la chakula, ndugu wawili, kila mmoja kalipeleka jikoni kwake. Mji wa Bethlehemu haukuwa bucha.

Turudi kwa "tsedaka". Njia ya kumjibu kijana wetu haihitaji shahada. Inahitaji kuliweka "sadaka" kila mahali neno hilo linapotokea, kisha kusoma kwa sauti. Mwanzo 15:6: Abrahamu akaamini, naye Mungu akamhesabia jambo hili kuwa sadaka. Alitoa nini? Hapo hakutoa kitu, alitazama nyota. Amosi 5:24, "haki kama maji makuu", neno ni lilelile: sadaka na ibubujike kama maji makuu? Lakini mistari miwili tu juu yake, katika 5:22, Mungu huyohuyo anasema hatazikubali sadaka zao. Angekuwa anakataa kwa mkono wa kulia na kupokea kwa wa kushoto. Na pale Biblia ya Kiswahili inapoandika "sadaka", Kiebrania chake huwa kina maneno mengine kabisa: "minha" kwa sadaka ya unga, "zevah" kwa ya kuchinja, "teruma" kwa sadaka ya kuinuliwa. Hata Malaki 3:8, mstari unaopendwa wakati kikapu kinapita, hauna "tsedaka" ndani yake. Una "maaser", fungu la kumi, na "teruma".

Kwa nini basi maneno yanafanana? Kwa sababu neno liliendelea kusafiri. Katika sehemu ya Danieli iliyoandikwa kwa Kiaramu, sura ya 4, mstari wa 27 wa Biblia zetu, Nebukadreza anaambiwa aache dhambi zake kwa kutenda haki na kuwahurumia maskini. Hapo neno la haki tayari limeketi jirani na maskini. Baadaye, kwa marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, "tsedaka" ikawa ndilo jina la kumsaidia mhitaji, na mpaka leo Myahudi akisema "tsedaka" ana maana hiyo. Kiarabu nacho kina "sadaqa" yake, nasi tukaipokea kutoka huko. Mstari wa Mithali ni wa babu, sadaka yetu ni ya mjukuu. Mtu hamwulizi mjukuu babu yake alikuwa akifanya kazi gani kwa kumtazama mjukuu anafanya kazi gani. Neno bepari lilitufikia kutoka kwa Wahindi likiwa na maana ya mfanyabiashara wa kawaida. Atakayesoma gazeti la Ujamaa la mwaka 1970 kwa maana hiyo atashangaa Watanzania walikuwa na ugomvi gani na wauza vitambaa.

Hapo nimejibu nusu ya kwanza ya mstari. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, na kwangu ndiyo iliyonifundisha kuogopa.

Namba zile za kwenye simu zilitoka kwa Mmarekani James Strong, aliyechapisha itifaki yake ya Biblia mwaka 1890. Kazi yake ilikuwa kubwa na ya kuheshimika: aliorodhesha kila neno la Biblia ya Kiingereza ya King James na kuonyesha linapotokea, kisha akalipa kila neno la Kiebrania namba, kuanzia 1 hadi 8674. Nyuma ya itifaki aliweka kamusi fupi. Ni faharasa, chombo cha kukusaidia kupata mstari uliousahau. Orodha ya maneno unayoikuta mwishoni mwa kila namba ni ya jinsi watafsiri wa King James walivyolitafsiri neno lile sehemu mbalimbali. Lakini msomaji huiona kama orodha ya maana ambayo anaruhusiwa kuchagua anayoitaka, au mbaya zaidi, kuzibeba zote kwa pamoja. Kwa msomaji wa Kiswahili mzunguko ni mrefu zaidi: anatoka Kiswahili, anapita Kiingereza cha karne ya 17, ndipo anafika kwenye Kiebrania, na anarudi nyumbani kwa njia hiyohiyo akiwa na vumbi la njiani analodhani ni dhahabu.

Namba 2617 ni "hesed". Hilo ni moja ya maneno makubwa ya Agano la Kale, na linastahili sifa zake. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia nalo: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Watu wengi walioanza kujifunza Kiebrania peke yao wameanzia hapo, nami nilianzia hapo. Ukilifuata neno hili kwa subira utaona Biblia ya Union haikuweza kulishika kwa neno moja. Hosea 6:6 inasema "nataka fadhili wala si sadaka". Mika 6:8, neno lilelile, inasema "kupenda rehema". Na rehema hiyohiyo ya Kiswahili hutumika pia kwa "rahamim", neno jingine linalotoka ukoo mmoja na tumbo la uzazi, "rehem". Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili pekee hawezi kujua ni wapi hesed imejificha.

Sasa soma tena nusu ya pili ya Mithali 14:34. "Bali dhambi ni aibu ya watu wo wote." Neno lililotafsiriwa aibu ni "hesed". Herufi ni zilezile, irabu ni zilezile, na namba ya Strong ni ileile, 2617.

Mwenye kuamini kwamba namba moja ni maana moja afanye nini hapo? Aseme dhambi ni fadhili za mataifa? Maelezo ya kawaida ya wanaisimu ni kwamba Kiebrania kilikuwa na maneno mawili yaliyofanana umbo: hesed ya fadhili, na hesed nyingine, adimu, ya aibu, ambayo inaonekana pia katika Mambo ya Walawi 20:17. Kiaramu na Kisiria vina neno la aibu la mzizi huohuo, na hilo linaiunga mkono. Kamusi kubwa za Kiebrania huyatenganisha: hesed ya kwanza, hesed ya pili. Strong aliyaweka chumba kimoja, na programu za simu zikarithi chumba hicho.

Sisi tunalijua jambo hili tangu shule ya msingi. Paa la nyumba, paa wa mbugani, kupaa angani, na kupaa samaki magamba. Hebu fikiria mwanafunzi huko Osaka mwenye kamusi ya Kiswahili na bidii nyingi, anayeandaa somo juu ya mstari unaosema Yesu alipaa mbinguni. Anawaambia wenzake kwamba katika Kiswahili cha asili neno hili lina kina cha ajabu: Yesu alikwenda juu kwa wepesi wa paa, akawa paa la kutufunika, naye anatupaa dhambi kama magamba. Tungecheka mpaka machozi. Mzee James Barr, mtaalamu wa Agano la Kale kutoka Scotland, aliandika kitabu mwaka 1961 akiwakaripia wasomi wa Biblia kwa kufanya mambo ya namna hii, na aliowakaripia walikuwa maprofesa. Kwa hiyo fundi pikipiki asijisikie vibaya.

Mwanafunzi wetu wa Osaka akiendelea, atafika kwenye Jumamosi. Kamusi itamwambia "mosi" ni ya kwanza. Atahitimisha kwamba Wasabato wa Tanzania wanaabudu siku ya kwanza ya juma, na kwamba Jumapili ni siku ya pili, na atashangaa kwa nini Mathayo 28 ya Kiswahili inasema Yesu alifufuka siku ya kwanza. Mzizi ameupata barabara. Mtu yeyote anayeishi ndani ya lugha angemwambia kwamba hakuna anayehesabu hivyo. Siku hizi zilipata majina kwa kuhesabiwa kutoka Ijumaa, na watu walishaacha kuisikia ile mosi zamani. Halafu akutane na "piga". Kupiga simu, kupiga pasi, kupiga kura, kupiga magoti. Ukimwambia piga maana yake ni kuchapa, ataona ibada zetu ni za fujo. Maana ya "piga" iko kwa jirani yake.

Hayo ndiyo ningependa kila mlei aende nayo kwenye Kiebrania: masikio aliyo nayo tayari kwa Kiswahili. Yangetuokoa na mengi yanayozunguka kwenye madhabahu zetu. Chukua hoja kwamba "elohim", yaani Mungu, ina kiishio cha wingi, hivyo Utatu umo katika Mwanzo 1:1. Mimi nauamini Utatu, lakini siutafuti hapo. Kitenzi kinachofuata, "bara", aliumba, kiko katika umoja. Neno hilohilo la wingi hutumika kwa Dagoni, mungu wa Wafilisti, peke yake katika 1 Samweli 5:7, na kwa Musa katika Kutoka 7:1. Nani atasema Dagoni alikuwa na nafsi tatu? Nasi tunaosema "maji haya ni machache" bila kuuliza ni mangapi tulipaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Ajabu ni kwamba maji kwa Kiebrania, "mayim", nayo haina umoja. Wala uso, "panim".

Au ile ya "et", herufi ya kwanza na ya mwisho ya alfabeti yao, ambayo husemwa kuwa ni Masihi aliyejificha katika mstari wa kwanza, Alfa na Omega. "Et" ni kiashirio cha yambwa. Inasimama mbele ya kitu kinachotendwa, kama sisi tunavyotia "m" katika "nilimwona". Mtu akisema hiyo "m" ni Mungu aliyejificha katika kila kitenzi cha Kiswahili, itabidi amweke hata katika "nilimpiga mwizi". "Et" imo mara maelfu, ikiwa ni pamoja na Kutoka 32:20, mbele ya ndama ya dhahabu.

Kuhusu wanaosoma herufi za kale kama picha, kwamba "av", baba, ni kichwa cha ng'ombe na nyumba, hivyo baba ni nguvu ya nyumba, sitakaa sana. Ni kweli herufi zilianza kama picha. Maandishi ya aina hiyo yalipatikana Serabit el-Khadim, Sinai, mwaka 1905. Lakini picha zilikuwa za sauti. Herufi zetu za Kilatini zimetoka kwenye ukoo huohuo: A ni kichwa kile cha ng'ombe kilichopinduliwa, B ni ile nyumba. Kwa hesabu yao neno letu "baba" ni nyumba, ng'ombe, nyumba, ng'ombe. Ni zizi.

Kuna moja inayonisikitisha zaidi kwa sababu ni tamu: kwamba kwa Waebrania kujifunza na kufundisha ni neno moja, "lamad", kwa hiyo mwanafunzi wa kweli lazima afundishe. Namba ya Strong ni moja, 3925, hiyo ni kweli. Lakini vitenzi vya Kiebrania hunyambuliwa. Kuna maumbo saba makuu, na kila moja hukisukuma kitenzi upande wake, kama vile tunavyotoka soma kwenda someka, someana na somesha. Katika umbo jepesi "lamad" ni kujifunza. Konsonanti ya katikati ikikazwa inakuwa "limmed", kufundisha. Kumbukumbu la Torati 5:1 ina la kwanza, 4:1 ina la pili. Namba kwenye simu haikuonyeshi ni umbo lipi. Mswahili aliyezoea kusikia tofauti ya funza na jifunza angeliona hilo siku ya kwanza kama mtu angemwambia pa kutazama.

Basi ningemwambia nini kijana yule, kama angekuja kwangu na pikipiki yake? Ningemwambia kwanza aache namba kwa miezi miwili ajifunze herufi. Ni 22 tu, na zinatoka kulia kwenda kushoto; waliopita madrasa utotoni hawatahangaika. Irabu ni vinukta na vistari vilivyotiwa juu, chini na ndani ya herufi na wataalamu waliokuwa Tiberia, kando ya Ziwa la Galilaya, ili usomaji usipotee. Nakala kamili ya zamani zaidi tuliyo nayo yenye vinukta hivyo ni ya karibu mwaka 1008, na iko Saint Petersburg, Urusi. Kujua herufi hakukupi Kiebrania. Kunakuondolea tu ule ulevi wa kudhani kila herufi ni siri.

Kisha ningemwambia achague neno moja, alifuate kila linapokwenda, asome sura nzima kila mara, na asiandike maana mpaka amalize. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Chukua "ezer". Katika Mwanzo 2:18 Biblia ya Union inasema "nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye", na masikio yetu, yaliyozoea mkurugenzi msaidizi na msaidizi wa kazi za ndani, yanasikia mtu wa chini. Mizizi haitakusaidia kitu hapo. Lakini ukilifuata neno utalikuta Zaburi 121: "Msaada wangu u katika BWANA, aliyezifanya mbingu na nchi." Utalikuta katika jina la mwana wa Musa, Eliezeri, Mungu ni msaada wangu. Utalikuta Isaya 30:5, likiwa msaada wa kijeshi ambao Misri ilishindwa kuutoa. Mara nyingi anayesaidia ndiye mwenye nguvu, na anayesaidiwa ndiye aliyekwama. Sasa kuna wanaokimbilia upande wa pili wakasema basi mwanamke ni mkuu kuliko mwanamume. Nao watulie: neno linalofuata, "kenegdo", linamweka ana kwa ana naye, uso kwa uso. Kwa wenzetu wanaobishana na wenzi wao juu ya msaidizi ni nani, hapa Kiebrania kimesaidia kweli, na kimesaidia kwa matumizi.

Na hesed ile ya fadhili, ningemwonyesha ilivyo mikononi mwa watu. Yusufu gerezani anamwomba mnyweshaji wa Farao amfanyie hesed, Mwanzo 40:14. Rahabu anawadai wapelelezi hesed kwa hesed, Yoshua 2:12. Daudi anauliza kama kuna aliyesalia wa nyumba ya Sauli amtendee hesed kwa ajili ya Yonathani, 2 Samweli 9. Ukiwatazama hao pamoja unaanza kuona sura ya kitu: mwenye uwezo anamtendea asiye na uwezo jambo ambalo hakuna sheria ya kumlazimisha, ila kuna kitu kati yao. Kisha Zaburi 23, "hakika wema na fadhili zitanifuata". Kitenzi ni "radaf", ambacho mara nyingi ni cha kumkimbiza adui. Ndicho kilichotumika Farao alipowafukuzia Waisraeli hadi baharini. Watafsiri wetu hawakukosea kuandika zitanifuata. Lakini nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu, mtu mzima, nikiwaza fadhili zinazonikimbiza kama magari ya Farao.

Nikisema hivyo najua nacheza karibu na moto uleule. Kitenzi hicho kina matumizi mengine pia. Watu huambiwa waifuate amani kwa neno hilohilo, Zaburi 34:14. Kwa hiyo magari ya Farao huenda ni yangu mwenyewe.

Baada ya ibada ile nilikwenda kuangalia Wayahudi wenyewe walivyousoma mstari wetu, nikakuta kitu ambacho kingempa kijana wetu kicheko cha mwisho. Katika Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, kwenye kitabu cha Bava Batra, ukurasa wa 10b, Rabban Yohanan ben Zakkai anawauliza wanafunzi wake maana ya Mithali 14:34, na wote wanaisoma "tsedaka" kuwa ni sadaka, na "hesed" kuwa ni fadhili. Hakuna anayesema aibu. Kiebrania walikuwa nacho kuliko mimi na kuliko Strong. Lakini ukurasa haukuishia kwa mmoja. Eliezeri anajibu, Yoshua anajibu, Gamalieli anajibu, Eliezeri wa Modiin anajibu, kila mmoja kwa jina lake. Kisha Nehunya ben Hakana anaukata mstari mahali pengine: sadaka huinua taifa, na fadhili pia, na kwa mataifa, dhambi. Herufi hazikubadilika hata moja. Mwalimu akawageukia wanafunzi wake akawaambia jibu la Nehunya ni bora kuliko langu, na kuliko yenu.